Mkono wa Rebeka Mashoto

Fundi mihuri upande ule wa Mirongo alikuwa mmoja tu, na jina lake Ndalahwa. Miaka ile ya tisini ofisi zilizaliwa kila wiki: wakala wa mizigo, duka la dawa, kampuni ya mtu mmoja na meza moja, chama cha siasa ambacho wanachama wake wote wanatosha kwenye benchi. Soko lilikuwa limeachiwa huru, na kila aliyefungua chochote alitaka muhuri, maana sisi bila muhuri hatuamini hata barua ya posa. Kwa hiyo Ndalahwa hakukosa kazi ya kubangaiza. Alikaa kwenye kibaraza cha fundi baiskeli, ubao magotini, wembe mkononi, akachonga herufi kwenye mpira kinyumenyume, haraka kuliko makarani wanavyoziandika zikiwa zimenyooka. Hilo la kinyumenyume liwekwe kiporo, tutalihitaji.

Kabla ya hapo alikuwa kiwandani. Miaka kumi na saba alichora maua na ndege wa kanga na vitenge katika kiwanda cha nguo, mpaka mwaka tisini na nne wakubwa walipokuja na karatasi ya majina. Ilikuwa Ijumaa, wafanyakazi wamepangwa uwanjani, majina yakasomwa. Wenzake wengine walilia. Mmoja alivua koti la kazi akalikanyaga, mwingine alimwambia bosi maneno ambayo hayaandikiki. Ndalahwa alipoitwa alikwenda mbele, akapokea barua ya kupunguzwa kazi kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema asante. Asante! Neno hilo lilikuwa likimrudia hata akinawa uso asubuhi, akafumba macho mpaka lipite. Watu walisema ni mpole. Mkewe Winnie alisema ni mwoga, na kwa kuwa Winnie ndiye aliyeishi naye, sisi tumwamini Winnie.

Baada ya barua ile nyumba ilishikwa na Winnie. Kando ya ziwa kilikuwa kimejengwa kiwanda cha minofu ya sangara, cha watu binafsi, chenye ukuta mweupe na geti la bluu. Minofu ilipanda ndege kwenda kuliwa na watu tusiowajua. Kichwa na mifupa, ambavyo sisi tunaviita mapanki, vilitolewa getini, akina mama wakanunua, wakakaanga, wakauza, na nusu ya mji ikashiba. Winnie alikaangia Kirumba pamoja na jirani yake Rebeka, mjane kutoka Ukerewe. Walikuwa na karai moja na moto mmoja, na vicheko vyao mtu alivisikia kabla hajasikia harufu ya samaki.

Rebeka alitumia mkono wa kushoto, na wote walimwita hivyo, Rebeka Mashoto. Alipokuwa mdogo baba yake alimfunga mkono ule ubavuni kwa kamba ya katani ili ajifunze ustaarabu. Shuleni mwalimu akamalizia kwa rula. Haikusaidia. Mkono ule ulikuwa na akili zake. Ukianza kugeuza mapanki kwenye mafuta yanayochemka, wateja walisimama kuangalia tu. Ila wakati wa kumpa mtu chakula, Rebeka aliihamishia sahani mkono wa kulia, kila mara, akitua kidogo katikati kama anayevuka mtaro. Kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana, na Rebeka hakuwa na tabia ya kutukana watu.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, Septemba ya mwaka tisini na saba. Tangazo lilibandikwa getini: kuanzia Jumatatu mapanki yote yatachukuliwa na mfanyabiashara mmoja mwenye malori, akina mama watafute shughuli nyingine. Jumatatu hiyo akina mama wapatao sitini walikwenda na mabeseni yao, wakakaa chini barabarani mbele ya geti ili lori lisipite. Ndalahwa alimbebea Winnie beseni la pili. Alipolitua, alivuka barabara akasimama nyuma ya gari la barafu, akajiambia kwamba yeye ni mwanamume na haya ni mambo ya akina mama. Tunaijua sababu hiyo. Kila mwoga ana yake, tena imepigwa pasi.

Meneja alitoka na shati lake jeupe, akawasikiliza dakika mbili huku akiangalia saa. Kisha akasema, "Ardhi iko tele huko kwenu. Nendeni mkalime pamba," akacheka, akawapa mgongo. Pamba! Wakati wengi wao walikuja mjini kwa kuikimbia hiyohiyo pamba.

Winnie akasimama. Ndani ya beseni lake kilikuwepo kichwa cha sangara kilichobaki tangu jana, kikubwa kama buli. Akakitia vidole kwenye mashavu, akarudi hatua moja nyuma, na mwili wake wote ukajikunja kuanzia kisigino. Ndalahwa alikuwa amemwona mkewe akifua, akitwanga, akiuguza, akilia msibani. Mwili huu hakuwahi kuuona. Kanga ilifunguka kiunoni naye hakuijali. Mkono wa kulia ukapita juu, vidole vikaachia, na kichwa cha sangara kikaenda kutua katikati ya lile shati jeupe, mgongoni. Pwaa!

Vigelegele vikalipuka, mabeseni yakapigwa. Rebeka, aliyekuwa amemshika Winnie upindo wa kanga ili kumzuia, alibaki na kanga mkononi. Walinzi wakatoka na virungu, vumbi likatimka, akina mama wakatawanyika. Lakini yupo mtu aliyekimbia kabla yao, na alikuwa amevaa suruali. Winnie alipofika nyumbani akihema alimkuta mumewe ameshanawa miguu.

Hakumsema. Alichukua kopo la maji akanywa, akamtazama, akaenda kuanua nguo. Laiti angemsema! Ndalahwa alikaa kwenye kigoda na aibu yake, mikono haina kazi, na ndipo alipokumbuka kwamba chini ya kitanda kilikuwepo kipande cha zulia la mpira la sakafuni, kipana kama mlango wa kabati, alichotoka nacho kiwandani siku ya barua. Akakivuta. Akanoa wembe na ule waya wa mwavuli anaotumia kuchimbia, akaanza kuchora kwa penseli juu yake, moja kwa moja, kama alivyoona.

Muhuri hauna hasira. Unasema IMEPOKELEWA, unasema IMEIDHINISHWA, basi. Ndalahwa sasa alitafuta namna ya kuchonga hasira, tena bila uso, kwa kuwa alimwona Winnie kwa nyuma na kwa kuwa uso ungemponza. Akaitafuta kwenye kisigino kilichonyanyuka. Akaitafuta kwenye shingo, kwenye fundo la kanga linalofunguka, kwenye vidole vilivyo wazi baada ya samaki kuondoka. Akina mama waliokaa aliwachonga kwa mikato mifupi mingi, migongo mitupu, ili yule aliyesimama asimame kweli. Bega lilipomshinda, alisimama mwenyewe katikati ya chumba akarusha kiatu ukutani, aone mwili unafanyaje. Mwili wake haukujua. Ilibidi aendelee kuuazima wa mkewe. Chini akachonga maneno MAPANKI NI CHAKULA CHETU, na herufi hizo alizigeuza bila hata kufikiri, kama afanyavyo kila siku.

Siku ya pili alasiri akapaka wino kwa rola, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko pole pole, pembe hadi pembe. Alipoibandua, machozi yalimtoka. Hatuna haja ya kumficha: alilia, mtu mzima, peke yake, kwa sababu kitu kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwa na ujasiri, na kilitoka mikononi mwake.

Winnie akaingia na kuni. Akaitazama picha, kuni zikiwa bado kichwani.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe."

Alitua mzigo, akasogea, akaweka kidole hewani juu ya ule mgongo bila kuugusa. Ndalahwa aliona mkewe anapendeza kuliko alivyowahi kupendeza. Kisha Winnie akakunja uso. "Lakini, Baba Shimba, mbona narusha kwa kushoto?"

Akaangalia. Mungu wangu! Kila herufi ilikuwa imenyooka, inasomeka vizuri, kwa sababu herufi alizigeuza. Mtu hakumgeuza. Maishani mwake hakuwahi kuchonga mtu. Mkono wa kulia aliouchonga kwenye mpira ulikuwa umetoka kwenye karatasi kuwa wa kushoto, kosa ambalo mwanafunzi wa siku tatu angelionea haya. Angeweza kuchonga upya, japo mpira mwingine wa ukubwa ule hakuwa nao. Angeweza kuupata wiki ijayo, wiki mbili. Alinyamaza kidogo, muda wa mtu kumeza mate.

"Afadhali," akasema. "Hawatakujua."

Winnie alimwangalia tena, kisha akainama kuokota kuni.

Karatasi arobaini zilichapwa. Akina mama wakazibandika kwa uji wa muhogo kwenye nguzo, kwenye kuta, kutoka Mirongo mpaka stendi ya Buzuruga, na nyingine zikasafiri na mabasi hadi huko ambako hakuna aliyezipeleka. Pale Buzuruga Ndalahwa alishuhudia kwa macho yake wapiga debe wakisimama mbele ya picha, wakikunja mwili, wakinyanyua mkono, wakirusha hewa. Mama mmoja muuza ndizi aliitazama mpaka akasahau mteja. Siku hizo chache alitembea kifua mbele. Kama kulikuwa na wakati wa furaha katika maisha ya mtu huyu ni huo, na tumwachie aufurahie, maana haukudumu.

Kiwanda kililegeza msimamo. Mji ulikuwa unasema, diwani alikwenda kuongea, lori halikuweza kupita kwa amani. Ikatangazwa kwamba mapanki yatauzwa kwa akina mama kama zamani, ila kwa utaratibu: kila mmoja atakuwa na kadi, na kadi itagongwa muhuri wa kiwanda. Na yule aliyemrushia meneja kichwa cha samaki hatapata kadi kamwe.

Meneja hakumwona aliyerusha. Alikuwa amewapa mgongo, na walinzi walikuwa wanahangaika na mnyororo wa geti. Lakini alikuwa na karatasi moja iliyobanduliwa kwenye nguzo. Siku ya kuandikisha majina aliinua karatasi hiyo mbele ya akina mama na kusema, "Aliyechora alikuwepo. Na mnaona anavyorusha. Huyu ni mashoto." Karani mmoja akasema labda picha imekosewa. Meneja akacheka. "Maandishi haya yamekosewa wapi? Yamenyooka, sivyo? Basi na mkono ndio huohuo."

Mama mmoja mmoja alifika mezani, mlinzi Ngosha akampa kalamu aweke sahihi. Winnie aliweka yake. Nyuma yake alikuwa Rebeka. Ngosha alikula mapanki ya Rebeka miaka miwili na alimpenda, akamnyooshea kalamu polepole, akimkodolea macho kama anayemwambia: kumbuka. Lakini mtu akipewa kalamu hupokea kwa mkono wake. Rebeka akapokea kwa kushoto.

"Wewe, kaa pembeni," meneja akasema.

Hapo wote walijua nani alirusha. Sitini walijua, na Rebeka alijua kuliko wote, kwa sababu upindo wa kanga ulibaki mkononi mwake. Angesema "si mimi," na swali la pili lingekuwa "ni nani basi?" Hakusema. Winnie alifungua mdomo. Rebeka alimtazama, akatikisa kichwa mara moja, akaokota beseni lake tupu akaondoka akipita kando ya ukuta mweupe.

Winnie alifika nyumbani, wala hakukaa. "Ninarudi," akasema. "Ninarudi sasa hivi niwaambie ni mimi."

Ndalahwa akasimama mlangoni. "Subiri, Mama Shimba. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeukosea mkono. Kesho nitakwenda na mpira wenyewe, niwaoneshe jinsi picha inavyogeuka. Watajua kwamba si Rebeka, na si lazima wajue ni nani. Nipe siku moja."

Yalikuwa maneno mazuri na alikuwa anayaamini. Asubuhi alifunga mpira kwenye gazeti, akapiga moyo konde, akaenda. Njiani aliyarudia maneno yake: picha ikichapwa hugeuka, mzee, mkono huu ni wa kulia, mwanamke yule hana hatia. Alipojitaja getini Ngosha alimpeleka ndani moja kwa moja. Meneja alimtazama, akaangalia wino kwenye kucha zake.

"Wewe ndiye yule fundi mihuri wa Mirongo? Vizuri sana, nilikuwa nakutafuta. Nahitaji muhuri wa kadi. Wa duara, jina la kiwanda pembeni, samaki katikati. Samaki aangalie kulia. Unaweza?"

Kifurushi kilikuwa kwapani. Maneno yalikuwa ulimini, yamepangwa, yamesimama kwenye mstari. Na Ndalahwa akainama kidogo.

"Naweza, mzee," akasema. "Asante."

Aliuchonga muhuri ule kwa siku moja, pale kibarazani. Samaki alitakiwa aangalie kulia, kwa hiyo kwenye mpira alimchonga akiangalia kushoto. Safari hii hakusahau kugeuza.

Winnie alipomuuliza, alijibu, "Nimeongea nao. Wanalifikiria." Winnie akasubiri. Akasubiri wiki nzima. Kadi zilipogawiwa alirudi nayo nyumbani, akaketi, akaichunguza. Yule samaki alikuwa na jicho la duara lenye nukta mbili, jicho ambalo Ndalahwa alikuwa akiwachorea ndege wa kanga miaka kumi na saba, na Winnie alikuwa na kanga mbili za ndege hao sandukuni. Aliiweka kadi juu ya ubao wa mumewe.

"Umechonga vizuri," akasema.

Hakuitupa kadi ile. Aliitumia. Watoto walikuwa watatu na fundi mihuri ni yuleyule tunayemjua. Lakini kicheko chake pale Kirumba hakikusikika tena, na akikaa mbele ya karai alikaa kwa ubavu, nafasi ya mtu mmoja ikiwa wazi.

Rebeka alijaribu. Wenzake walimchukulia mapanki kwa kadi zao, kisiri, mpaka walipoonywa kwamba atakayeonekana akimsaidia atanyang'anywa kadi. Akafungasha, akamwachia Winnie karai, akahamia Usagara kule njia panda kwa binamu yake. Ndalahwa siku hiyo alipata safari ya ghafla ya kupeleka muhuri Nyegezi. Aliporudi, mlango wa jirani ulikuwa na kufuli.

Miaka miwili ikapita. Tusiseme kwamba aibu ilimuua, maana haikumuua. Alikula, alinenepa kidogo. Lakini alikuwa mtu wa kupitia uchochoroni. Karatasi zilikuwa zimechanika kwenye nguzo, na kila alipokuta kipande kimebaki alikikwangua kwa ukucha. Mtu alipomsifu kwa picha ile ya akina mama alisema hakuichonga yeye.

Mwaka tisini na tisa, katikati ya mwaka, Ngosha alifika kibarazani na muhuri wa kiwanda uliolika. Ulikuwa umegongwa kwenye kadi nyingi mno, mpaka samaki amepoteza jicho. "Wanataka mwingine kama huu," Ngosha akasema. "Wameandika hivyohivyo, usibadilishe kitu." Ndalahwa aliushika. Akaupindua huku na huku. Halafu akamrudishia, akasema mkono unamuuma, watafute fundi mwingine, na hilo ndilo neno la kwanza la kukataa alilowahi kumwambia mkubwa yeyote, ingawa hata hilo alilipitisha kwa mlinzi. Kesho yake alivuta ule mpira mpana chini ya kitanda, akaufunga kwenye gazeti, akaenda Usagara.

Hakumtafuta sana. Rebeka alikuwa pale yanaposimama mabasi, nyuma ya meza ya viazi vitamu vya kuchemsha, amekonda, kanga imemzunguka kifuani na kuufunika mkono wa kushoto wote, umebanwa ubavuni kama uliovunjika. Kwa mkono wa kulia alikuwa anamfungia abiria viazi kwenye gazeti, na vidole vilikuwa vizito, karatasi ikamponyoka mara mbili, abiria akasonya.

"Mwangaluka, shemeji," Ndalahwa akasalimu.

"Mwangaluka." Hakushangaa. Alimsogezea kigoda kwa mguu. "Winnie mzima?"

"Mzima. Umeumia mkono?"

"Sijaumia. Ninaufunga."

Alisema hivyo kama mtu anayesema anafunga duka. Kisha akaeleza, kwa sababu Ndalahwa alikuwa amekaa akimtazama tu. Picha ilifika mpaka huku. Ilibandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Alipoanza kuuza, vijana wakaanza: mama, si wewe wa kwenye picha? Usiturushie viazi! Mwanzoni ilikuwa utani. Baadaye tajiri mmoja wa pamba alimkatalia kazi ya kuchambua, akisema hataki watu wa fujo. "Nikaona niufunge. Baba alinifunga kwa kamba ya katani, kanga ni laini zaidi. Nimeshaanza kuzoea, ila nachelewesha wateja."

Ndalahwa alifungua gazeti lake, akauegemeza mpira kwenye mguu wa meza. Ulikuwa mweusi kwa wino wa zamani. Mwanamke aliyesimama alikuwepo, kisigino juu, kanga inafunguka, na mkono unaorusha ulikuwa wa kulia.

"Hivi ndivyo nilivyochonga," akasema. "Hapa mkono uko sawa. Ikichapwa ndiyo inageuka. Nilitaka kuwaonesha kule kiwandani. Nilifika na huu mpira kwapani, shemeji, nikaondoka na kazi ya muhuri wao. Muhuri wa kadi ni mimi niliyeuchonga."

Rebeka aliinama. Alipitisha kidole cha mkono wa kulia kwenye mfereji wa lile bega, polepole, mpaka kwenye vidole vilivyo wazi.

"Kwa hiyo ukweli ulikuwa chini ya kitanda chako," akasema.

"Ndiyo."

"Winnie aliniambia alikuuliza kuhusu mkono, kabla hamjabandika. Nawe ukamwambia hawatamjua."

"Ndiyo."

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, halafu sitakuuliza tena." Basi la Shinyanga lilikuwa limesimama, wauzaji wenzake wote wamelikimbilia, yeye hakwenda. "Siku ile, ulipouona mkono umegeuka. Ulinikumbuka mimi?"

Jibu alikuwa nalo. Alilitengeneza kwa miaka miwili, akalilainisha mpaka likawa halina pembe: hapana, shemeji, wallahi sikukukumbuka, ningekukumbuka nisingekubali. Lilikuwa jibu zuri, na Rebeka angelipokea, kwa sababu alikuwa mtu wa kupokea. Ndalahwa aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza hakuikimbia.

"Nilikukumbuka," akasema. "Kabla sijasema afadhali, jina lako lilinijia. Na karai lako. Nikalipita."

Basi liliondoka, vumbi likawafunika, wauzaji wakarudi na mabakuli yao wakipiga soga. Rebeka alipenyeza mkono wa kulia mgongoni, akalitafuta fundo la kanga, akalifungua. Mkono wa kushoto ukashuka taratibu. Aliukunja, akaukunjua, akasugua alama za kanga kwenye ngozi. Kisha akaingiza mkono huohuo kwenye sufuria, akachagua kiazi kikubwa, na bila kutua katikati, bila kukihamisha, akamnyooshea Ndalahwa.

Muuzaji mmoja alisema, "Mama, unampa mgeni kwa kushoto?"

Ndalahwa aliinuka kwenye kigoda. Alikunja magoti kidogo, akakinga mikono yote miwili, akapokea. Kiazi kilikuwa cha moto sana, na alikishika hivyohivyo.